Mwalimu Hilary Margwe Tluway, Aliyeona Nyota Ikizimika Mara Mbili

Wapendwa ndugu, majirani, wanafunzi wake wa zamani, na ninyi mliotoka mbali: huyu tunayemsindikiza leo, Jumanne tarehe 23 Septemba 2025, ni Mwalimu Hilary Margwe Tluway.

Alizaliwa Jumapili tarehe 21 Oktoba 1956 huko Kainam, Mbulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Margwe Tluway na Mama Ester Bura, ambao wote wametangulia. Nyumba alimozaliwa ilikuwa tembe la zamani, nusu yake imechimbwa ndani ya kilima, kama wazee wa Kiiraqw walivyojenga ili kuficha watu na mifugo. Kwa nyuma paa la udongo lilikuwa sawa na ardhi, na mbuzi walipita juu yake wasijue kwamba chini kuna watu wanakula. Mama Ester alikuwa akisimulia kwamba Hilary, akiwa na miaka minne, alitoka nje jioni moja, akatazama juu, kisha akarudi ndani mbio na kusema, “Mama, paa limetoboka.” Mwaka 1963 familia ilihamia hapa Kilimatembo, Rhotia, na hapa ndipo palipokuwa nyumbani kwake hadi mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na sekondari 1971 hadi 1974. Januari 1975 aliingia Chuo cha Ualimu Monduli. Kitanda alichopewa kilikuwa cha juu. Kwenye kile cha chini alikuwapo kijana wa Kimasai kutoka Piyaya, Ngorongoro, ambaye alikuja kuwa rafiki yake kwa miaka arobaini na sita. Familia ya rafiki huyo ipo nasi hapa msibani, na kwao mtu aliyefariki hatajwi jina. Kwa heshima yao, wasifu huu utamwita Mwalimu wa Piyaya. Wanaomfahamu wanamfahamu.

Urafiki wao ulianza kwa kutaniana. Jioni ya kwanza Mwalimu wa Piyaya alimkuta Hilary amelala chali kwenye nyasi za uwanja wa mpira.

“Ninyi Wambulu,” akamwambia, “babu zenu walikaa kwenye mashimo kama nungunungu. Wewe umeanza lini kutazama juu?”

“Tulikaa kwenye mashimo kwa sababu yenu,” Hilary akajibu bila kuinuka. “Rudisheni ng’ombe, tutatoka wote.”

Mwalimu wa Piyaya alicheka, akalala chali naye. Hiyo ndiyo habari ya Monduli ambayo marehemu aliisimulia mara nyingi kuliko cheti alichotoka nacho mwaka 1976.

Alianza kazi ya ualimu Januari 1977 katika shule ya msingi huko Mbulumbulu. Mwaka 1981 alikwenda Iringa kwa stashahada ya ualimu wa sayansi, na kuanzia Julai 1983 alifundisha fizikia na hisabati katika sekondari hapa Karatu hadi alipostaafu tarehe 21 Oktoba 2016. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba hakupiga kelele darasani. Darasa likichangamka kupita kiasi alizidi kushusha sauti, hadi watu wakanyamaza ili wasikie anasema nini.

Tarehe 12 Januari 1985 alifunga ndoa na Bi Brigita Sulle wa Endabash katika Kanisa Katoliki Karatu. Walijaliwa watoto watatu: Ignas, Laurencia na Antonia. Mwaka 2003 mgeni mmoja wa hoteli za juu Ngorongoro, aliyekuwa akirudi kwao na mizigo mingi, alimwachia marehemu darubini ndogo yenye stendi ya miguu mitatu. Tangu hapo, Mama Ignas alipoulizwa habari za nyumbani, alijibu, “Wazima wote. Mimi, watoto, na mke mwenzangu wa miguu mitatu.”

Darubini hiyo ilimwingiza Mwalimu katika kazi ambayo wengi hapa waliiona kwa mbali bila kuielewa. Kati ya sayari kubwa kuna mawe makubwa yanayolizunguka jua, asteroidi. Ni madogo mno kuonekana vizuri hata kwa vyombo vikubwa. Lakini mara mojamoja jiwe kama hilo hupita mbele ya nyota, na kivuli chake hukimbia juu ya ardhi kwa sekunde chache. Aliye ndani ya kivuli huona nyota ikizimika, kisha ikirudi. Ukijua kwa hakika imezimika sekunde gani na imerudi sekunde gani, unajua upana wa jiwe mahali hapo. Wakipima wawili waliosimama mahali tofauti, umbo lake linaanza kuonekana. Wapo watu duniani wanaoifanya kazi hii bila malipo na kupeleka vipimo vyao kwa waratibu walioko nje. Mwalimu alikuwa mmoja wao, na mwaka 2009 alimwingiza rafiki yake.

Utaratibu aliufuata kama ibada. Unawasha redio ya masafa mafupi inayotoa mlio kila sekunde, na mlio mrefu kila dakika inapoanza. Unawasha kinasa sauti karibu yake. Unataja jina lako kamili, mahali ulipo na tarehe. Halafu unaweka jicho kwenye darubini na kunyamaza. Nyota ikipotea unasema, “Imezima.” Ikitokea unasema, “Imerudi.” Ukimaliza, unataja jina lako tena, ili isibaki shaka ni nani aliyeona.

Mchana wa siku hizo alipita nyumba kwa nyumba kuomba taa za nje zizimwe kwa nusu saa. Watoto wa Kilimatembo walikua wakiamini kwamba Mwalimu ndiye anayezizima nyota. Wapo wakubwa pia waliopunguza mwendo walipopita mbele ya uzio wake. Jirani yake Mama Vumilia hakuwahi kuogopa.

“Leo unaua ipi, Mwalimu?”

“Hatuui, Mama Vumilia. Inafumba jicho tu.”

“Na isipofumbua?”

“Basi hutahitaji kuwasha taa tena.”

Katika miaka ishirini alijaribu mara ishirini na tatu. Mara nyingi mawingu ya Ngorongoro yalimshinda. Mara sita tu aliona nyota ikizimika. Aliandika zote katika daftari la shule lenye jalada la bluu.

Mara ya sita ilikuwa Jumanne tarehe 17 Agosti 2021, saa moja na dakika arobaini na mbili usiku. Kivuli kilitoka kusini, na kilitazamiwa kupita Karatu kwanza na kufika Piyaya sekunde saba baadaye. Mwalimu alikuwa uani kwake. Mwalimu wa Piyaya alikuwa kwenye uzio wa boma lake, zaidi ya kilomita mia moja kwa njia ya gari, na darubini ya macho mawili aliyoifunga kwenye nguzo kwa mpira wa baiskeli. Huko hapakuwa na mtandao wa simu.

Anga lilikuwa safi. Sekunde ya kumi nyota ilipotea. Sekunde ya kumi na nne ilirudi. Halafu, sekunde ya kumi na tisa, wakati Mwalimu alikuwa tayari anaanza kuinua uso, ilipotea tena. Haikufika sekunde moja. Ikarudi, ikabaki pale kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama Ignas alikuwa akiosha vyombo mlangoni mwa jiko. Alimsikia mumewe akisema maneno machache, akinyamaza, akisema tena.

“Unaongea na nani, Baba Ignas?”

“Na mwenzangu.”

Aliingia ndani kuweka sufuria, akaikuta simu ya mumewe mezani, iko kwenye chaji. Hakuuliza zaidi. Alisema baadaye kwamba usiku ule alifunga mlango wa jiko mapema.

Waratibu walijibu baada ya wiki moja. Kuzimika kwa kwanza walikubali. Kule kwa pili walikutilia shaka. Iwapo ni kweli, waliandika, basi jiwe lile lina jiwe dogo linalolizunguka, na hilo ni jambo kubwa ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Lakini yawezekana ni popo, au kope, au jicho lililochoka la mtu wa miaka sitini na minne. Je, kuna mwingine aliyeona?

Alikuwapo. Tarehe 19 Agosti Mwalimu wa Piyaya alimpa ujumbe mtu aliyekuwa akienda Wasso, penye mtandao, na kutoka Wasso ujumbe ukafika kwenye simu ya Mwalimu: “Nimekamata. Ina jambo. Nakuja na kinasa sauti Jumatatu tarehe 30.” Jumamosi tarehe 28, baada ya homa ya siku mbili, Mwalimu wa Piyaya alifariki.

Oktoba mwaka huo Mwalimu alipanda basi hadi Wasso, akalala, na kesho yake akapata gari la Piyaya. Mjane, Mama Nosim, alimpokea kwa maziwa na kumsubiri amalize kunywa.

“Haya, shemeji. Sema.”

Mwalimu alimweleza. Alisema kwamba katika kile kinasa sauti kuna sekunde tano tu anazozihitaji.

“Na kabla ya hizo tano kuna nini?”

Mwalimu alijua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha utaratibu.

“Anajitaja,” alisema.

“Anajitaja.” Mama Nosim alirudia polepole. “Aliyeondoka hatajwi, shemeji. Akisikia jina lake anageuka. Na wewe unataka ajiite mwenyewe, kwa sauti yake, hapa nyumbani.”

“Naweza kuruka mwanzo.”

“Utajuaje umeruka vya kutosha kabla hujasikia?”

“Naweza kukaa mbali, peke yangu.”

“Wewe una mdomo. Ukishasikia utarudia. Usingizini, au ukimsimulia mkeo. Mtu hawezi kukaa na jina kifuani asilitoe.” Kisha akamwongezea maziwa. “Sikunyimi kwa ubaya.”

“Najua.”

Alirudi Karatu mikono mitupu. Mama Ignas alimuuliza, “Kwa hiyo?” Alijibu, “Kwa hiyo ni kwao.” Aliwaandikia waratibu kwamba kipimo cha pili hakipo, nao wakaweka alama ya shaka mbele ya alichoona. Hakumwomba tena Mama Nosim, wala hakutuma mtu amwombe.

Lakini jambo lile lilimla. Nyumbani walimwona akitazama nyota, akifumba jicho moja, kisha jingine, akijipima. Alimwambia binti yake Antonia, “Kama ile ya pili niliiota, nitajuaje kwamba zile sita sikuziota?” Alikuwa mtu aliyefundisha vipimo miaka thelathini na tisa, na sasa hakukiamini kipimo chake mwenyewe. Baada ya 2021 alitega darubini mara mbili tu.

Ugonjwa ulianza Novemba 2024 kwa sauti kukwaruza. Alidhani ni baridi ya Rhotia. Desemba, huko Moshi, iligundulika ni saratani ya koo, na tarehe 6 Februari 2025 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kisanduku cha sauti. Tangu siku hiyo alipumua kupitia tundu dogo shingoni na kuzungumza kwa kuandika. Hakulalamika. Aliandika tu siku moja kwamba sasa wanafunzi wangelazimika kunyamaza sana.

Habari hiyo ilichukua miezi minne kufika Piyaya. Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nane mchana, Mama Nosim aliingia uani hapa Kilimatembo. Alikuwa na kifurushi cha kipande cha shuka. Alisalimiana na Mama Ignas, kisha akasimama mbele ya Mwalimu aliyekuwa ameketi kwenye benchi kando ya ghala la mahindi.

“Nimesikia huna sauti, shemeji.”

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali.

“Hata kidogo?”

Mwalimu alifumbua mdomo, akajaribu. Ilitoka pumzi tu, kwenye tundu la shingo. Mama Nosim aliinama, akaisikiliza pumzi ile kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mlango wa nyumba ya watu.

“Basi wewe unaweza kumsikia,” alisema. “Kumwita huwezi.”

Akafungua shuka. Kinasa sauti kilikuwa ndani, betri zake zimefungwa peke yake kwenye nailoni. Masharti yalikuwa matatu: asikilize yeye peke yake, mara moja, na jina asiliandike popote. Jua lisizame kabla hajakirudisha.

Mwalimu aliingia ndani, akatoka na kinasa sauti chake cha siku ile ile ya Agosti. Aliweka waya wa chake sikio la kushoto, na wa rafiki yake sikio la kulia. Alihangaika na vitufe kwa karibu robo saa, akisimamisha hiki na kuachia kile, hadi milio ya sekunde ya redio mbili ikawa mlio mmoja kichwani mwake. Kisha akafumba macho. Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wakichakura miguuni pake. Sikio moja lilikuwa na sauti ya mtu aliyefariki miaka minne nyuma. Jingine lilikuwa na sauti yake mwenyewe, ambayo nayo haikuwapo tena.

Mama Ignas na Mama Nosim walikaa mlangoni mwa jiko wakimtazama. Wanasema alianza kuandika, akaacha. Halafu midomo yake ikaanza kutembea. Ilisema neno, ikangoja. Ikasema tena, ikangoja. Mama Nosim alijifunika shuka hadi usoni.

Alichoandika kipo kwenye daftari la bluu. Kulia: imezima, sekunde ya 17. Imerudi, 21. Imezima tena, 26, kwa muda usiofika sekunde moja. Chini yake aliandika kile kilichofuata katika masikio yote mawili:

Kulia: “Umeona?”
Kushoto: “Nimeona.”
Kulia: “Mara mbili?”
Kushoto: “Mara mbili.”
Kulia: “Haya, ndugu yangu. Pumzika.”
Kushoto: “Haya.”

Mama Ignas aliposomewa hayo alisema, “Hayo ndiyo niliyoyasikia nikiosha vyombo. Ya upande wake.” Na Mama Nosim akasema kwamba jioni ile mumewe alikuwa peke yake kwenye uzio, naye alidhani anasali. Wapo watakaosema marafiki wa miaka arobaini na sita hawahitaji kusikia ndipo wajibizane. Familia imeamua kuyasoma kama alivyoyaandika, bila kuongeza.

Kinasa sauti kilirudi kwa mwenyewe kabla ya saa kumi na moja. Yalibaki mahesabu. Mwalimu alikuwa na vipimo viwili vinavyokubaliana, na Antonia alimjazia fomu ya waratibu kwenye kompyuta. Fomu ilifika mahali pa jina la mtazamaji wa pili, ikagoma kuendelea.

“Baba, niweke langu.”

Aliandika: “Hukuwapo.”

“Basi herufi za mwanzo tu.”

Aliandika: “Hizo nazo ni jina.”

Waliandika barua ya kawaida kwa waratibu, wakieleza kwa nini jina halipo. Jibu lilikuwa la upole. Kipimo kisicho na aliyekipima hakiwezi kuingizwa, lakini walikuwa tayari kumsubiri. Mwalimu alijua hana muda wa kusubiriwa. Jiwe lile dogo lingepata nafasi katika orodha, na jina lake yeye kando yake, kwa maneno mawili tu ya jina la rafiki yake, ambayo angeweza kuyaandika kwa kalamu bila mtu yeyote wa Piyaya kujua. Alikaa na barua ile siku tatu. Siku ya nne aliichukua fomu iliyochapishwa, akaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza, akaacha mstari wa pili mweupe, akaikunja na kuiweka ndani ya daftari. Alimwandikia Antonia: “Iliyozimika ilizimika. Acha.”

Tangu siku hiyo hakuonekana tena akijipima macho. Julai alitoa darubini nje jioni tatu, akatazama bila redio na bila saa.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Septemba. Alifariki Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025, yapata saa kumi na moja na robo alfajiri, nyumbani, mkewe na watoto wake wote wakiwapo, akiwa amebakiza mwezi mmoja na siku mbili kutimiza miaka sitini na tisa. Kwa kuwa hakuwa na sauti, hakuna aliyejua ni pumzi ipi ilikuwa ya mwisho. Walisubiri nyingine, wakaendelea kusubiri, hadi kukapambazuka.

Jumapili, Mama Nosim alipofika msibani, alimuuliza Mama Ignas kama na huyu naye wasimtaje. Mama Ignas alifikiri.

“Huyu wa kwetu mtajeni,” alisema. “Akigeuka, nitamuuliza ufunguo wa stoo ameuweka wapi.”

Marehemu ameacha mjane, Bi Brigita Sulle, watoto watatu, Ignas, Laurencia na Antonia, wajukuu watano, ndugu zake Raymond, Modest na Yohani, Mama Nosim na watoto wake wa Piyaya, aliowahesabu kuwa wake, na wanafunzi wengi, walio hapa na walio mbali.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Kwa ruhusa ya mkewe tunalitaja jina lake lote, kwa sauti, tukiwa tumesimama: Hilary Margwe Tluway. Pumzika kwa amani, Mwalimu.